Nilisema naweza kushona tandiko la farasi wakati sijawahi hata kumgusa farasi

Wakuu, habari za jumapili. Walionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma visa vya watu, nacheka, natoka. Leo nimeona na mimi niweke changu mezani. Nitakayoandika yalitokea, nilikuwepo, na kovu la kiwiko ninalo mpaka sasa. Wale wa "bila picha hii ni chai" nawajua kwa majina, naomba mnivumilie.

Mimi ni fundi viatu hapa Mkuyuni, Mwanza. Ni mwanamke. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika comment, aifute tu.

Kazi nilifundishwa na marehemu baba kule Musoma. Nashona makubazi, mikanda, mabegi, na viti vya bodaboda navivalisha upya. Acha nijisifu kidogo: ukiona kubazi langu limekatika, jua uliuziwa la mtu mwingine.

Na hilo ndilo tatizo langu, wakuu. Najiamini kupita kiasi. Mteja akiuliza "fundi unaweza hii?" mdomo unajibu ndiyo kabla macho hayajaona kitu chenyewe.

Basi siku hiyo asubuhi akaja mama mmoja kibandani kwangu kwa bajaji. Miaka sitini na kitu, mrefu, amejifunga kitenge juu ya suruali, anatembelea mkongojo. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akamwambia dereva ashushe mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na kitu kama kiti cha ngozi kilichokufa zamani. Mchwa walikuwa wamekula mbao zote za ndani, ukikitikisa unamwagika unga.

"Hili ni tandiko la farasi," akasema. "Nataka kama hili, jipya. Unaweza?"

Nikasema naweza.

Wakuu, farasi nilikuwa nimemwona kwenye filamu tu.

Tumwite Mama Kabula, si jina lake la kweli. Ni Msukuma, mjane, mstaafu wa idara ya mifugo. Anaishi upande wa Misungwi, kijiji cha kando ya ziwa, siyo mbali na Kigongo. Ana ng'ombe. Farasi alimpata kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba maeneo yale, alipoondoka akamwachia yule farasi pamoja na tandiko lake. Wanakijiji wakampa farasi jina la Diwani, kwa sababu anakula, anatembea polepole, na hakuna anayejua kazi yake.

Lakini kazi alikuwa nayo. Mama Kabula aligongwa na pikipiki, nyonga ikavunjika. Akapona, ila kutembea mbali hawezi tena. Malisho yako mbali na nyumba. Ana mtu aliyemwajiri kuchunga, lakini ng'ombe akianza kuumwa anayemjua kwa kumtazama tu ni yeye mwenyewe, ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Kwa hiyo kila siku alikuwa anapanda kwenye kichuguu, anajivuta juu ya Diwani, anakwenda kuwaona. Masika ilipoingia tandiko likaachwa chini kwenye banda, mchwa wakalimaliza.

Bila tandiko, nyonga ile haiwezi kukaa juu ya mgongo mtupu wa farasi. Alijaribu mara moja, akalala kitandani siku nne.

Sasa mwanawe, tumwite Shija, anafanya kazi Dar. Anampenda mama yake, hilo niliseme wazi, si mtu mbaya. Alikuwa anamtaka mama ahamie kwake, ng'ombe wauzwe. Mama hataki. Mwisho wakakubaliana: Shija akija likizo, mama aonyeshe kwamba anaweza kwenda malishoni na kurudi mwenyewe. Akishindwa, dalali anaitwa, ng'ombe wanauzwa, mama anapanda basi.

Likizo ilikuwa imebaki mwezi na nusu.

Hayo yote alinieleza akiwa amekaa kwenye kistuli changu, bila kulia wala kuomba. Alipomaliza akasema tu, "Kwa hiyo unaona." Nikaona. Na hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli kwamba sijawahi. Sikusema.

Nilichofanya ni kile anachofanya fundi viatu yeyote. Nilimpima mteja.

Msicheke. Nilimkalisha kwenye kistuli, nikampima upana, mapaja, urefu wa mguu mzima na ule mfupi. Nikaandika vizuri kwenye daftari. Kisha nikaenda kutengeneza kiti kizuri ajabu, sponji ya kiti cha bodaboda ndani, ubao chini, ngozi juu. Nilivyokikalia mwenyewe nilitaka nisinyanyuke.

Nikakipeleka Misungwi. Mama Kabula akakitazama. Akakiweka juu ya mgongo wa Diwani, akapitisha kiganja chini yake. Ubao ulikuwa umelala moja kwa moja juu ya uti wa mgongo. Diwani akageuza shingo akanitazama, na mimi nikaanza kurudi nyuma.

Mama akasema, "Mwanangu, matako yangu umeyapima vizuri. Mgongo wa Diwani umeupima lini?"

Nilishikwa na aibu. Nikamwambia ukweli palepale, kwamba sijawahi kushona tandiko, sijawahi kumgusa farasi, nilidanganya.

"Nilijua," akasema. "Tangu uliponiuliza farasi ana kwato ngapi."

Kumbe niliuliza. Sikumbuki.

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa kazi. Akaniambia alishazunguka kwa mafundi wengi mjini, wote walisema haiwezekani, na mimi ndiye pekee niliyesema ndiyo. Hakuwa na mwingine. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi Malima. Huyu ni mzee wa Kikerewe anayetengeneza mitumbwi pale ufukweni, ukisimama kwake unaliona lote lile daraja la Kigongo. Nilimweleza shida yangu nikidhani atanicheka. Hakucheka. Aliniuliza maswali kama daktari: mzigo unakaa wapi, unasukuma wapi, kinachoguswa ni nini na kisichotakiwa kuguswa ni nini.

Kisha akachukua waya mnene wa umeme, tukaenda nao kwa Diwani. Akaukunja juu ya mgongo wake, mabegani, katikati, na karibu na kiuno. Kila alipoukunja aliutoa taratibu bila kuharibu umbo, akaulaza kwenye boksi, akachora kwa mkaa. Tukapata mistari mitatu, na kila mmoja ulikuwa tofauti kabisa na mwenzake. Mimi nilikuwa nimetengeneza kitu kilichonyooka.

"Mtumbwi naupima kwa maji utakayokwenda," akaniambia. "Mvuvi atajikalia mwenyewe."

Akachonga mbao mbili ndefu za mninga, moja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pabaki nafasi ambayo hakuna kinachogusa. Mbele na nyuma akaziunga kwa matao mawili. Matao hayakuwa mbao za kukunjwa, alichagua matawi yaliyoota yakiwa yamepinda, vilevile anavyochagua mbavu za mtumbwi. Tulipoweka ile fremu juu ya Diwani ilitulia yenyewe. Nilipitisha vidole chini ya katikati, vikapita bila kukwama.

Wakuu, nilifurahi kama mtoto.

Ngozi alitoa Mama Kabula mwenyewe. Ilikuwa ya dume lake lililokufa mwaka uliopita, aliipeleka ikachakatwa kwa magome, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Wanaojua ng'ombe wa Usukumani wanajua wanapigwa chapa ya moto. Hii ilikuwa na chapa kubwa ubavuni, nusu duara na mistari miwili. Chapa ya marehemu mumewe.

Nilifanya kazi wiki tatu. Kuna mambo nilikuwa nayajua: kuloweka ngozi, kuivuta juu ya mbao ikiwa na maji, kuiacha ikauke na kushika umbo, hiyo ni kazi ya kiatu tu ila kiatu kikubwa. Kuna ambayo sikuyajua, mikono ikajifunza. Kujaza sufi chini ya mbao bila kuacha bonge nilirudia mara tano, kwa sababu bonge dogo kwako ni kidonda kwa farasi. Vyuma vya kukanyagia na vifungo tukachukua vya lile tandiko la zamani.

Uzi niliupaka nta kila hatua, nikashona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja. Vidole vilipasuka. Wateja wa makubazi walinuna. Mimi nilikuwa naamka nikilifikiria tandiko.

Sasa sikilizeni kosa.

Sisi mafundi wa makubazi na mikanda, ngozi yenye alama ni mali. Chapa, kovu la mwiba, alama ya pembe, mteja anapenda, anasema hii ni ngozi ya ukweli. Kwa hiyo mkono wangu umezoea: sehemu yenye alama weka panapoonekana.

Nikaona ile chapa ya marehemu, nikasema hapa ndipo nitamfurahisha mama. Nikaikata ikaangukia kwenye mkanda wa tumbo, ule unaozunguka chini ya farasi kushikilia tandiko, pale juu ubavuni ambapo kila mtu ataiona. Nikaisugua mafuta ikang'aa.

Nilipompelekea, aliigusa ile chapa kwa kidole gumba akakaa kimya muda mrefu. Nikajua nimepatia. Nilijisikia kama fundi mkubwa wa dunia.

Akaniambia, "Panda."

Nikamwambia mama, mimi? Akasema aliyeshona ndiye anapanda kwanza. Hakukuwa na mjadala.

Nikapanda kichuguu, nikapanda Diwani. Nilishika nywele za shingo yake kwa mikono miwili, lakini alianza kutembea na lile tandiko likakaa, likatulia, hata nikaanza kutabasamu. Majirani walikuwa wametoka kutazama. Mmoja akaniita bibi harusi.

Tulipoanza kushuka kuelekea lambo la kunyweshea ng'ombe, uzito wote ukaja mbele. Nikasikia kitu kinapasuka kama muhogo mkavu. Tandiko likazunguka, mimi nikaenda nalo. Niliangukia kiwiko, kwenye tope la ng'ombe, mbele ya kijiji kizima.

Watu walicheka, na nisingewalaumu. Diwani alisimama palepale, akanisubiri.

Mama Kabula hakucheka. Alikuja na mkongojo wake haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akaniuliza kama naweza kukunja mkono. Nilipoinuka nikamwona anaitazama ile njia, pale nilipoangukia, na uso wake umebadilika. Nikaelewa anafikiria nini. Ingekuwa ni yeye, ile nyonga ingeisha. Na mimi ndiye ningekuwa nimeimaliza, kwa sababu nilitaka mkanda upendeze.

Nilikaa chini nikalia, wakuu. Siyo maumivu ya kiwiko. Nikamwambia mama, mimi naishia hapa, nitafutie mtu mwingine, nitakuumiza.

 Alikuwa ameokota mkanda. Ulikuwa umekatika katikati ya chapa, mstari ulionyooka kama umekatwa kwa kisu.

"Ngozi iliyoungua haivutiki," akasema. "Inakauka, inakuwa kama gamba. Nimewafundisha wafugaji hili miaka yote. Usipige chapa ubavuni, unaharibu ngozi." Akapitisha kidole pale ulipokatika. "Niliiona ulipoileta. Nikapenda kumwona baba yao pale. Nikanyamaza."

Akaendelea, sauti chini, "Nikakupandisha wewe."

Tulikaa pale kwenye nyasi kila mmoja na aibu yake. Sijui kama nilishawahi kumpenda mteja, lakini siku hiyo nilimpenda yule mama. Angeweza kunisukumia kosa lote na nisingesema neno.

Baadaye akasimama akaniambia twende tukaitandaze ngozi iliyobaki. Akanionyesha kwa mkono wapi pana nguvu: kando ya mstari wa mgongo, kuanzia mabegani hadi mkiani. Tumboni inanyumbuka, shingoni inavutika, penye chapa imekufa. Miaka yote nashona ngozi na sikuwahi kufikiria ng'ombe aliyekuwa ndani yake. Nilikuwa naiona kama kitambaa.

Tukakata mkanda mpya kutoka mgongoni, tabaka mbili, nikaushona pande zote. Safari hii sikuamini mkono wangu wala mdomo wangu. Nilirudi nao kibandani, nikauning'iniza kwenye boriti na viroba vya mchanga, vizito kuliko mama na tandiko pamoja, nikauacha siku tatu. Kila nikipita naupiga teke uyumbe. Majirani wa Mkuyuni walifikiri nimerukwa na akili.

Haukukatika. Nikarudi Misungwi nikapanda tena mwenyewe. Nikashuka lamboni, nikapanda, nikashuka, siku mbili mfululizo, mpaka Diwani akachoka kuniona.

Zikabaki siku tatu Shija aingie.

Alifika na begi moja na viatu vyeupe. Tulisalimiana vizuri tu. Aliangalia tandiko, akaniuliza nimeshatengeneza mangapi kabla ya hili.

Safari hii nilisema ukweli. Nikamwambia hili ni la kwanza, na mkanda wa kwanza ulikatika nikaanguka.

Alibadilika rangi. Akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake akianguka, hatanisamehe maisha yake yote. Nikamwambia na mimi sitajisamehe. 

Mama Kabula alishapanda kichuguu. Akajivuta juu, akakunja uso kidogo nyonga ilipogoma, akakaa. Akaondoka bila kutuaga.

Shija alimpigia dalali akamwambia asogee, awe karibu. Sisi tukakaa kibarazani. Tuliletewa chai, hakuna aliyeijali, ikapoa.

Kwenda na kurudi alikuwa anatumia kama saa mbili. Saa mbili zikapita. Ikaingia ya tatu. Shija anasimama, anakaa, anatazama simu. Simu mama aliiacha ndani, tuliiona juu ya meza. Mimi kichwani nilikuwa nahesabu kila tundu la sindano nililotoboa. Nilianza kuomba kimyakimya, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Zilipokaribia kutimia saa nne tangu mama aondoke, Shija akasema anakwenda kumtafuta. Tukatoka wote, karibu tunakimbia, viatu vyeupe vikijaa vumbi. Hatukufika mbali.

Kwanza tulisikia ng'ombe. Kisha tukawaona wanapanda kutoka upande wa ziwa, kundi zima, vumbi, na nyuma yao Diwani anatembea kwa mwendo wake uleule wa kutojali, mama amekaa juu amenyooka. Kumbe alimkuta mtamba anataka kuzaa na ndama amekaa vibaya. Alishuka, akamgeuza ndama kwa mikono yake, akampata mzima. Akatafuta kichuguu kingine, akapanda tena. Kisha akaamua awarudishe wote nyumbani. Mchungaji alikuwa nyuma kabisa, amembeba ndama mabegani, mama ng'ombe anamfuata anamlilia.

Mama Kabula alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Alipomfikia mwanawe hakusimama.

"Shija, kafungue zizi."

Shija akakimbia akafungua zizi.

Walipoingia wote, tukamshusha mama. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, akamwegemea mwanawe, wakasimama hivyo muda. Shija hakusema kitu kuhusu Dar. Alitoa simu, akampigia dalali akamwambia asije, leo wala kesho.

Mimi nilipiga magoti nikakagua mkanda, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Ulikuwa kama nilivyoufunga.

Kabla hajarudi Dar, Shija aliniomba nimfundishe kuukagua: wapi uzi huanza kulika, ngozi ikikauka inaonekanaje, mafuta gani yapakwe na kila baada ya muda gani. Nikadhani ni udadisi tu.

Juzi nimekwenda kumsalimia mama. Akaniambia zamani Shija akipiga simu swali la kwanza lilikuwa "mama unakuja lini?" Siku hizi anauliza, "Mama, mkanda umeupaka mafuta?"

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu na kimenigharimu kiwiko. Ukiulizwa kama unaweza kitu ambacho hujawahi, sema hujawahi, halafu sema utajaribu. Mteja mwenye shida ya kweli hatakimbia. Na ukiona kosa kwenye kazi ya mwenzako, hata kama limekupendeza, fungua mdomo. Yule mama na mimi tulinyamaza kila mtu kwa sababu yake, na tungeweza kulia sote.

Mwenye hoteli mmoja ufukweni ameniuliza kama naweza kumshonea mengine mawili. Nimemjibu nimeshona moja tu, na kwamba nitaanza kwa kuja kuwapima farasi wake.

Haya, uwanja wenu. Kama kuna mfuga farasi humu anieleze sufi inadumu muda gani kabla ya kubadilishwa, hilo sijalijua bado. Na wewe uliyewahi kusema "naweza" halafu ukajuta, andika hapa chini, nitasoma zote nikiwa nashona.